Msalaba wa Baraka na Fizi: Waliobaki, Waliokimbia, na Sisi Tuliomo Kambini



Kila mwaka tarehe 28 Novemba inapokaribia, watu wa Fizi na Baraka waliomo kambini huiuliza Kamati yetu: mwaka huu tutakumbuka vipi? Siku hiyo, mwaka 1964, watumishi 4 wa Kanisa waliuawa katika misheni mbili za nyumbani kwetu. Safari hii Kamati imeona vema kuiandika historia yenyewe katika kijitabu hiki cha ukumbusho. Wazee waliokuwapo wakati ule wamebaki wachache, na vijana waliozaliwa hapa kambini wanasikia habari hizo kama hadithi za mbali.

Iko pia sababu ya pili. Neno "msalaba" linasemwa sana kambini kwetu. Mgao wa chakula ukipunguzwa, mtu anaambiwa: huo ndio msalaba wako. Mama akipigwa na mumewe, anashauriwa abebe msalaba wake na kunyamaza. Kijana akikosa nafasi ya kusoma, ni msalaba. Neno hili limetumika kufunga vinywa vya watu mpaka wengine wameanza kulichukia, na hatuwezi kuwalaumu. Kwa hiyo tumejiuliza: Msalaba una maana gani hasa kwa mtu anayeteseka? Wale 4 wa Baraka na Fizi wanatufundisha nini? Na je, sisi tuliokimbia, tuliukimbia Msalaba?

Kamati hii ni ya wakazi wote. Ndani yake wamo Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu, Waislamu, na wengine wasiosali popote. Hatuandiki ili kumvuta mtu aache dini yake. Tunaandika habari za watu wetu, na kila mmoja atachukua kinachomfaa.

1. MSALABA ULIKUWA NINI HAPO KALE

Leo msalaba ni pambo la shingoni, na tunauona juu ya paa la kanisa. Hapo kale haukuwa hivyo. Kwa Waroma, kusulubiwa ilikuwa adhabu ya watumwa, waasi, na watu wa nchi zilizotawaliwa. Raia wa Roma kwa kawaida hakuuawa kwa njia hiyo. Mwaka 71 kabla ya Kristo, baada ya uasi wa watumwa ulioongozwa na Spartacus kushindwa, watumwa 6,000 walisulubiwa kando ya barabara ya kutoka Capua mpaka Roma, ili kila mpita njia aone na aogope. Mtu alivuliwa nguo, akatundikwa mahali penye watu wengi, akaachwa afe polepole. Shabaha haikuwa kumwua tu. Walitaka kumwaibisha, aonekane kwamba hana ndugu, hana mtetezi, wala thamani yoyote.

Yesu wa Nazareti aliuawa hivyo, chini ya liwali Pontio Pilato, yapata mwaka 30. Aliuawa kama mtu wa nchi iliyotawaliwa, asiye na hati ya kumkinga. Sisi tunaojua maana ya kusimamishwa njiani na kuulizwa karatasi, tunaielewa habari hii haraka kuliko wengine. Wakristo wa kwanza hawakupenda kuchora msalaba, kwa kuwa aibu yake ilikuwa bado mbichi machoni pa watu. Ilichukua karne kadhaa, mpaka adhabu yenyewe ilipokomeshwa, ndipo ishara hiyo ikaenea.

Injili zinataja watu wawili-watatu waliokuwa karibu, na ni vizuri tuwatazame. Wa kwanza ni Simoni wa Kirene, mji uliokuwa katika nchi ya Libya ya leo. Alikuwa anatoka shamba, anapita njia yake. Askari wakamkamata, wakamlazimisha kubeba msalaba wa mtu asiyemjua. Ndugu zetu, sisi tunamjua Simoni. Ni wanaume wangapi kati yetu waliokamatwa njiani wakabebeshwa mizigo ya askari, kutoka kijiji mpaka kijiji, bila kujua kama watarudi? Lakini Simoni alipolazimishwa kubeba, alimpunguzia mtu mwingine uzito. Kazi ya kulazimishwa ikawa msaada. Mtu aliyekuwa peke yake akapata wa kutembea naye.

Wengine ni wanawake waliosimama chini ya msalaba. Hawakuwa na silaha, hawakuweza kung'oa misumari wala kumteremsha. Waliweza jambo moja tu, kutoondoka. Utawala uliotaka mtu huyo afe kama asiye na ndugu haukufaulu kabisa, kwa sababu mama yake na wenzake walikuwa pale.

Hapo ndipo tunapoanza kuelewa. Mateso yenyewe si mema. Misumari haikuwa baraka, na waliopiga nyundo hawakuwa watu wa kusifiwa. Kilicho chema katika habari ile ni yule aliyekubali kuwa upande wa wanaoteswa asiwaache, na wale wachache ambao nao hawakumwacha.

2. ZIWA LETU NA MISALABA YAKE

Kabla ya kufika mwaka 1964, inafaa tukumbuke kwamba ziwa tulilovuka sisi lilikwisha kuvukwa na watu wengine wenye machozi. Katika karne ya 19, misafara ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu ilitoka pwani, ikapita Tabora na kufika Ujiji, ikavuka Tanganyika mpaka nchi za Manyema na nyinginezo za magharibi ya ziwa. Waliokamatwa huko walivushwa ziwa, wakafungwa minyororo na kutembezwa kuelekea Bagamoyo na Zanzibar. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini huku bara watu waliendelea kukamatwa kwa miaka mingi baadaye.

Katika miaka ya 1880, Mapadri Weupe walikuwa na misheni Mpala, kusini kidogo ya Kalemie ya leo. Alikuja huko askari mstaafu wa Papa, Mfaransa jina lake Léopold Joubert, ambaye wazee wanamwita Kapiteni Joubert. Aliwakinga wenyeji na misheni dhidi ya wakamata watumwa. Alioa mwanamke wa nchi, Agnes Atakaye, akaishi kando ya ziwa maisha yake yote, akafariki huko mwaka 1927. Mtoto wao Albert alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1908 huko Mrumbi, upande wa Moba, akapewa upadri mwaka 1935. Tutakutana naye tena muda si mrefu.

Hapa lazima tuseme ukweli wote. Msalaba uliingia kwetu pamoja na bendera za wakoloni. Babu zetu waliuona msalaba ukutani katika nchi ile ile ambamo walichapwa fimbo ya chikoti, wakachukuliwa shamba na kulipishwa kodi. Wamisionari wengine walisema dhidi ya maovu hayo, na wengine walinyamaza. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba babu yake aliuogopa msalaba, hatumcheki. Alikuwa na sababu.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 17 Januari 1961 Waziri Mkuu Patrice Lumumba aliuawa Katanga, na matumaini ya wengi yakafa pamoja naye. Mishahara haikufika, askari walinyang'anya wanavijiji, wakubwa wapya walikula peke yao. Ndipo uasi ukazaliwa. Pierre Mulele aliuanzisha Kwilu. Upande wetu wa mashariki uliongozwa na Gaston Soumialot na wenzake. Kuanzia Aprili na Mei 1964 ulienea bonde la Ruzizi, Uvira na Fizi. Wapiganaji walijiita Simba. Wengi walikuwa vijana, na wengine watoto kabisa, waliopakwa dawa na kuaminishwa kwamba risasi zitageuka maji. Wazee wetu mpaka leo wanauita wakati ule "wakati wa Mulele".

3. TAREHE 28 NOVEMBA 1964

Katika misheni ya Baraka, kando ya ziwa, walikuwako Padri Luigi Carrara, mwenye miaka 31, na Bruda Vittorio Faccin, mwenye miaka 30. Katika misheni ya Fizi, juu mlimani, alikuwako Padri Giovanni Didonè, mwenye miaka 34. Wote watatu walikuwa Waitalia wa Shirika la Wasaveri. Pamoja na Didonè alikuwako padri wa jimbo, Albert Joubert, yule mwana wa Kapiteni na Mama Agnes, ambaye sasa alikuwa na miaka 56. Kwa damu alikuwa wa pande zote mbili, na kwa kuzaliwa alikuwa mtu wa ziwa kama sisi.

Walijua hatari iliyokuwapo, kwa maana uasi haukuja kwa siri. Waliamua kubaki na watu wao. Hawakubaki kwa kutafuta kufa. Kulikuwa na wagonjwa, wanafunzi na waumini ambao hawakuwa na mahali pa kwenda, na kuondoka kungekuwa kuwaambia: hatari hii ni yenu, si yetu.

Tarehe 24 Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji waliteremka Stanleyville, mji unaoitwa Kisangani leo, kuwatoa Wazungu walioshikwa mateka. Hasira ya waasi dhidi ya Wazungu ikapanda kila mahali. Siku 4 baadaye, mchana, gari la kijeshi lilisimama mbele ya kanisa la Baraka. Inasimuliwa kwamba Bruda Faccin aliamriwa apande gari, naye akakataa, akapigwa risasi. Padri Carrara alikuwa kanisani akiungamisha. Aliposikia milio alitoka nje. Alipotakiwa aende pamoja nao, alisema kwamba anapendelea kufa pamoja na ndugu yake. Akapiga magoti karibu na maiti ya mwenzake, akauawa hapo hapo.

Jioni ile gari lilipanda mlima mpaka Fizi. Watu wa misheni walisikia linaingia. Padri Didonè na Padri Joubert walikwenda mlangoni. Inasimuliwa kwamba Didonè alifanya ishara ya msalaba, na hapo akapigwa risasi. Joubert akaanguka baada yake.

Siku 3 baadaye, tarehe 1 Desemba 1964, mbali kaskazini huko Isiro, Sista Anuarite Nengapeta naye aliuawa. Alitangazwa mwenye heri Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Wale wanne wa kwetu walingoja miaka karibu 60. Walitangazwa wenye heri tarehe 18 Agosti 2024 pale Uvira, katika misa iliyoongozwa na Kardinali Fridolin Ambongo kwa niaba ya Papa Fransisko. Wengi wetu hatukuweza kwenda, kwa maana mkimbizi hasafiri kama apendavyo. Tulifuata habari kwa redio na kwa simu, tukishika simu moja watu kumi, na wazee walilia.

Tutazame vizuri kilichotendeka Baraka. Carrara hakuweza kumfufua Faccin. Kupiga magoti pale hakukubadili nguvu ya bunduki. Lakini waliomwua Faccin walitaka afe kama mtu asiye na mwenzake, na jambo hilo halikuwezekana tena. Alifanya kile walichofanya wanawake chini ya msalaba wa Yesu.

4. VITA VILIPORUDI

Miaka 32 baadaye vita vilirudi Kivu, na sisi wengine tulikuwa tumekwisha kuzaliwa. Mwaka 1994 wakimbizi wengi mno kutoka Rwanda waliingia Bukavu na Goma. Miongoni mwao walikuwamo waliotenda mauaji ya kimbari, na pia umati mkubwa wa akina mama, watoto na wazee wasio na hatia. Wengi waliwatazama wote kama kundi moja la kuogopwa. Askofu Mkuu wa Bukavu, Christophe Munzihirwa, Myesuiti, aliwatetea kama watu, akataka kila mmoja aangaliwe kwa jina na kwa matendo yake. Mashambulizi yalipofika, hakuuacha mji. Tarehe 29 Oktoba 1996 aliuawa barabarani Bukavu, pale Nyawera. Inasimuliwa kwamba alishuka katika gari lake akiwa ameshika msalaba mkononi. Maiti yake ililala njiani usiku kucha, kama maiti za raia wengi wa siku zile.

Siku 2 baadaye, tarehe 31 Oktoba 1996, mabruda 4 wa Shirika la Marist waliuawa Bugobe: Servando Mayor, Miguel Ángel Isla, Fernando de la Fuente na Julio Rodríguez. Walikuwa Wahispania, wakifanya kazi katika kambi ya wakimbizi ya Nyamirangwe. Tunawaandika hapa hasa kwa ajili yenu, ndugu wahudumu wa mashirika. Walikuwa watu wa kazi kama yenu, kugawa, kufundisha, kuandika majina, na kambi iliposhambuliwa walikuwa bado wapo.

Nao ndugu zetu wa Burundi wanayo kumbukumbu yao. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, kundi lenye silaha liliingia seminari ndogo ya Buta, jimbo la Bururi. Wanafunzi waliamriwa wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa kujitenga. Wanafunzi 40 waliuawa. Vijana hao hawakuwa mapadri wala mabruda. Walikuwa watoto wa shule, wa rika la wale wanaocheza mpira nyuma ya ofisi ya kijiji chetu. Na walielewa jambo ambalo watu wazima wengi hatukulielewa: ukikubali kusogea upande mmoja ili upone, umekwisha kumwacha mwenzako auawe.

5. JE, SISI TULIOKIMBIA?

Sasa tufike kwenye swali linalotuuma. Baada ya kusifu waliobaki, mtu anaweza kuuliza: basi sisi tuliopanda mitumbwi usiku mwaka 1996, na wengine 1998, na wengine baadaye, tulikuwa waoga? Kuna wazee kambini wanaobeba swali hili moyoni miaka yote hii. Mmoja alimwacha mama yake mgonjwa kitandani kwa sababu hakuweza kumbeba yeye pamoja na watoto watatu. Mwingine aliachana na mkono wa ndugu yake katika giza la msitu. Hakuna mgao wala dawa inayoponya jambo kama hilo.

Kamati inapenda kujibu wazi. Kukimbia si dhambi. Injili ya Mathayo inasimulia kwamba Yesu mwenyewe alikuwa mkimbizi akiwa mtoto mchanga, wazazi wake walipompeleka Misri usiku. Yesu aliwaagiza wafuasi wake wakiteswa katika mji mmoja wakimbilie mwingine, na mara kadhaa yeye mwenyewe aliondoka mahali walipotaka kumkamata. Hakuna mahali alipomwambia mzazi abaki mwanawe auawe. Wale wanne wa Fizi na Baraka hawakuwa na mtoto mgongoni. Walibaki kwa ajili ya watu, na mama aliyekimbia alikimbia kwa ajili ya watu vile vile. Anayebaki na anayekimbia wote waulizwe swali moja: ulimshika nani mkono?

Tukilijibu swali hilo, historia yetu inageuka. Tunawakumbuka waliofika ukingo wa ziwa wakampisha mjamzito katika mtumbwi. Tunawakumbuka akina mama waliofika Kigoma na watoto wanne, wakati nyumbani walikuwa na wawili tu; wale wengine waliwaokota njiani. Mpaka leo wako kambini watu wazima wenye watoto wao wenyewe, ambao walilelewa na mama asiyewazaa, mwenye kabila jingine, aliyegawanya kikombe chake cha unga wa njano. Tunawakumbuka majirani Waislamu waliochimba kaburi la Mkristo asiye na ndugu, na Wakristo waliofanya vivyo hivyo. Hakuna atakayewatangaza wenye heri huko Uvira wala Roma, lakini walichokifanya ni kile kile alichokifanya Carrara.

Na yule aliyeachana na mkono wa ndugu yake gizani, tunamwambia: hukumwacha wewe. Vita viliwatenganisha. Usibebe peke yako kosa lililotendwa na wengine.

6. KUSIMAMA PAMOJA HAPA KAMBINI

Kutokana na historia hii Kamati imejifunza mambo matatu, nayo tunayaweka mbele yenu.

La kwanza, tuache kutumia msalaba kama kifuniko. Mtu anayemwambia mwenzake "vumilia, huo ni msalaba wako," kisha akaenda zake, amefanya kazi ya wapita njia waliotikisa vichwa pale Kalvari. Mwenye haki ya kusema habari ya msalaba wa mtu ni yule aliyeinama kuushika upande mmoja. Mama anayepigwa asiambiwe anyamaze. Asindikizwe kwa sungusungu, kwa mwenyekiti, kwa ofisi inayohusika, na asiende peke yake. Mgao ukipungua, tuseme, tuulize, tuandike barua kwa heshima. Kupinga uovu na kuubeba msalaba havigombani. Munzihirwa alifanya yote mawili.

La pili, tusikubali kujitenga. Mkongomani na Mrundi, wa Fizi na wa Uvira, Mbembe, Mfulero, Mnyamulenge, mwenyeji na mkimbizi: kila siku iko sauti inayotutaka tusogee, hawa huku na wale kule. Mara nyingine sauti hiyo inapita katika foleni ya maji, mara nyingine katika uchaguzi wa viongozi wa vijiji. Vijana wa Buta wametuonyesha jibu. Na kwa kuwa tunajua kwamba waliowaua watu wetu mwaka 1964 nao walikuwa vijana wa nchi yetu, waliodanganywa na kukasirishwa na dhuluma za kweli, tuwaangalie vijana wetu kabla mtu mwingine hajaja kuwapaka dawa nyingine. Kijana asiye na shule wala kazi ni rahisi kuokotwa.

La tatu ni kwenu, ndugu wahudumu. Tunawashukuru, na tunajua kwamba si ninyi mnaopanga fedha zinazotoka mbali. Hatuwaombi muwe mashahidi wa damu. Tunawaomba mambo madogo. Mtujue kwa majina pamoja na namba za kadi. Habari mbaya ikija, kama ya mgao kupunguzwa, mje mtuambie wenyewe uso kwa uso, mkae nasi tukiuliza maswali, hata kama hamna jibu. Simoni wa Kirene hakuweza kufuta hukumu. Alitembea tu njia ile pamoja na aliyehukumiwa, na miaka karibu elfu mbili baadaye jina lake bado linasomwa.

7. OMBI LA KAMATI

Vita havijaisha. Mwaka 2025 Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Januari, na Bukavu mwezi Februari, na makumi ya maelfu ya watu wetu wakavuka mto Ruzizi kuingia Burundi. Wao ni sisi wa 1996. Wapo watoto waliofika kule wameshika mkono wa mama wasiyemjua.

Majina ya wale 4 wa Baraka na Fizi sasa yanajulikana duniani kote, na tunafurahi. Lakini katika miezi ile ya 1964, na miaka iliyofuata, waliuawa pia makatekista, walimu, wakunga, wavuvi, na wake zao na watoto wao, ambao majina yao hayako katika kitabu chochote. Waliouawa bila kuandikwa wameuawa mara mbili. Kazi ya msalaba wa Roma ilikuwa kumfuta mtu asiwepo katika kumbukumbu, na kuandika jina lake ni kuukatalia msalaba huo.

Kwa hiyo Kamati imefungua daftari. Litakuwa mezani kwa katibu kila siku ya kazi. Kila familia, ya dini yoyote na kabila lolote, ije iandikishe jina la mtu wake aliyekufa au aliyepotea, kijiji alichotoka, mwaka, na kama yuko mtu anayejua, nani alikuwa pamoja naye mwishoni. Asiyejua kuandika ataandikiwa. Asiye na wa kumwandikisha, jirani yake aje kwa niaba yake. Siku ya ukumbusho tutayasoma majina yote kwa sauti, tukisimama, hata kama jua litatuchwea.

Wale wasio na kaburi tuwape jina, na wasio na ndugu tuwe ndugu zao.

Wenu katika kazi,
Kamati ya Wakazi wa Kambi